Sarafu yangu ya Darth Vader imeota madoa meupe ndani ya kapsuli na sijawahi kuigusa, shida ni nini?

Kibindo (#1)
Wakuu habari. Nina sarafu nane za ukumbusho za Star Wars, zote za fedha, wakia moja moja, nimezitafuta kwa miaka na kila moja naijua ilivyonifikia. Juzi nikatoa kisanduku nizipitie kama kawaida yangu, nikaishika ya Darth Vader nikaiinamisha chini ya taa, pale kwenye ule uwanja unaong'aa kama kioo nikaona kitu. Nikajua vumbi limekaa juu ya kapsuli, nikafuta, kitu kipo palepale. Nikachukua kioo cha kukuzia ndo nikaona vizuri: madoa matatu meupe, mawili kama ncha ya sindano na moja kama punje ya mtama limekaa pembeni ya helmeti, kingo zake hazijanyooka, yaani kama tone la maziwa lililokaukia kwenye sahani. Ukiitazama sarafu moja kwa moja huyaoni, ukiinamisha kidogo tu yanajitokeza yote matatu.

Kapsuli haijawahi kufunguliwa hata siku moja tangu niipate. Kiwanda sikitaji kwa sababu sijajua kosa ni la nani, inawezekana kabisa ni langu. Naomba kujua: haya madoa ni nini, yanatoka, na je zile saba nyingine zipo salama?

TanuriMoto (#2)
Pole sana mkuu. Hayo wakusanyaji wanayaita madoa ya maziwa, na kosa sio lako. Kabla sarafu haijagongwa, kile kisahani kitupu cha fedha kinaoshwa kwa dawa, kinachomwa kwenye tanuri ili kilainike, alafu ndo kinakwenda kwenye mashine. Dawa isiposuuzwa vizuri, mabaki yake yanaungua na kushikamana na fedha na hayaonekani kwa macho, sarafu inagongwa safi kabisa, inang'aa, inafungwa, miezi au miaka inapita ndo doa linachomoza. Kwa hiyo ulinunua sarafu ambayo ugonjwa ulikuwa ndani tayari.

Bi Sarafu (#3)
Tanuri nakuheshimu ila usimtoe kosani moja kwa moja. Kibindo mwanangu, hiyo kapsuli ina ule mpira laini unaozunguka sarafu ndani? Ule mweusi unaoshikilia isicheze? Mimi sarafu zangu mbili ziliharibikia humo humo ndani ya kapsuli zenye mpira wa namna hiyo, na zisizo na mpira zipo vilevile mpaka leo. Vitu vya mpira na povu vinatoa hewa yake polepole, na ndani ya kapsuli hewa hiyo haina pa kwenda.

Kasri (#4)
Unyevu huo. Umezitunza kwenye kabati la mbao bila shaka. Mbao inatoa asidi, weka silika jeli, vile vipunje vya kunyonya unyevu, badilisha kabati, mchezo umeisha.

Kibindo (#5)
Asanteni. Bi Sarafu ndio mama, mpira upo, mweusi. Ila zote nane zina mpira huohuo na saba hazina kitu, nimezipitia moja moja jana usiku na taa. Kasri, kabati ni la chuma mkuu, na silika jeli nabadilisha kila zikibadilika rangi. Hapo ndo akili yangu inapogoma, nane zimelala sehemu moja, kisanduku kimoja, moja tu imeugua.

Jicho la Tatu (#6)
Kasri nikurekebishe kidogo, sio kwa ubaya. Asidi ya mbao inaumiza zaidi risasi na shaba. Adui wa fedha ni salfa, inatoka kwenye hewa, kwenye sufu, kwenye mpira, kwenye makaratasi ya hovyo, na ikiipiga fedha inasawijika: inaanza manjano, inakwenda kahawia, mwisho nyeusi. Nyeupe sio kazi ya salfa. Hata ule mpira wa Bi Sarafu nauonea shaka kwa sababu hiyohiyo. Mama, zako mbili zilipata nyeupe au zilisawijika?

Bi Sarafu (#7)
Moja ilisawijika ukingoni, rangi ya asali. Nyingine ilikuwa na ukungu mweupe, huo sijui niuite doa au nini. Lakini zote mbili ukingoni, palepale mpira unapogusa. Ya Kibindo kama nimesoma sawa doa lipo karibu na helmeti, katikati huko. Nakubali hapo hoja yangu inalegea, siiachii.

Mchapo (#8)
Darth Vader kaanza kupata weupe, mwanzo wa kurudi kwenye wema huo 😄 pole mkuu, tupo pamoja. Swali langu ni hili: una uhakika ni fedha yenyewe na sio iliyopakwa? Kuna sarafu nyingi za Star Wars zimepakwa fedha tu juu na ndani ni metali ya kawaida. Zile za Niue za mwaka 2011 zilitoka za aina mbili, za dola 2 ni wakia ya fedha na za dola 1 zimepakwa, na watu wanachanganya kila siku. Iliyopakwa ikipata doa ni kesi nyingine, inaweza kuwa metali ya chini inatokeza. Soma cheti, alafu pima uzito, wakia moja ya madini ni gramu 31.1.

Chenji (#9)
Samahani naingilia, mimi mgeni kwenye haya mambo. Niue ndo nini? Na hizo dola 2 ni pesa kweli, naweza kwenda nayo dukani nikanunua kitu? Maana kwenye picha naona upande mmoja Malkia Elizabeth upande wa pili mtu kavaa helmeti, nikajua ni za kuchezea.

Kasri (#10)
Niue ni mkoa wa Nyuzilandi.

Mwanafani (#11)
Hapana Kasri, sio mkoa. Niue ni kisiwa cha Pasifiki kinachojitawala tangu 1974 kwa ushirika huru na Nyuzilandi, watu wake hawafiki hata 2,000, na hela wanayotumia ni dola ya Nyuzilandi. Sarafu inatoka kwa jina lao, kampuni ya New Zealand Mint ndo inazitengeneza kwa leseni ya wenye filamu, na hiyo kampuni ni ya binafsi, sio benki kuu. Malkia yupo pale kwa sababu alikuwa mkuu wa nchi yao, sio pambo.

Chenji swali lako zuri na usiogope kuuliza. Kisheria ni pesa, kule Niue. Lakini fedha iliyomo ndani peke yake inazidi kwa mbali hizo dola 2 zilizoandikwa, kwa hiyo mwenye akili timamu hanunui nayo mkate. Ile namba inafanya kazi moja: inaitofautisha sarafu na medali. Medali haina nchi wala thamani iliyoandikwa. Tuvalu nao ni hivyohivyo, Perth Mint ya Australia inawatengenezea za mashujaa wa Marvel tangu 2017 walipoanza na Spider-Man, na Tuvalu wanatumia dola ya Australia.

Chenji (#12)
Aisee. Kwa hiyo nchi yenye watu wachache kuliko shule kubwa ina sarafu yenye Darth Vader na nchi kubwa hazina?

Mwanafani (#13)
Kubwa nazo zipo. Royal Mint ya Uingereza ilitoa peni 50 za Star Wars mwaka 2023, miaka 40 ya ile filamu ya 1983, wakaanza na R2-D2 na C-3PO, mwaka uliofuata wakatoa za vyombo vya angani, Millennium Falcon ikiwemo. Ufaransa walitoa euro 10 za fedha za Harry Potter 2021, na hizo ni pesa halali ndani ya Ufaransa tu, ukivuka mpaka ni pambo. Canada walishatoa za Star Trek 2016.

Mhunzi Mdogo (#14)
Kibindo nakuomba kitu kimoja: USIISUGUE. Nakueleza yaliyonikuta. Nilikuwa na sarafu ya prufu, yaani ile yenye uso wa kioo, ya mfululizo mwingine wa filamu, ikapata doa dogo tu kuliko hilo lako. Nikasoma mahali eti dawa ya meno na kitambaa laini. Nikaweka tone, nikazungusha kidole taratibu, nasema taratibu kweli, kama unamfuta mtoto mchanga. Nikasuuza. Doa lilikuwepo bado, limepungua labda robo, lakini kuzunguka pale kioo kilikuwa kimekufa, kuna mikwaruzo ya duara midogo kama nywele, mamia, ukiinamisha kwenye taa inang'aa kama utando wa buibui. Prufu inapata ule uso kwa sababu chapa yenyewe imeng'arishwa, kisahani kimeng'arishwa, alafu inagongwa zaidi ya mara moja. Kidole changu kilifuta kazi hiyo yote kwa sekunde kumi. Ninayo mpaka leo, siiuzi, na sikumwambia mtu kwa muda mrefu sana kwa uchungu.

Bi Sarafu (#15)
Pole mwanangu. Umefanya vizuri kuandika.

Mkufu (#16)
Asetoni safi. Unachovya, unatoa, unaacha ikauke yenyewe, hugusi na kitu. Haili fedha kabisa. Nimeokoa nyingi kwa njia hiyo.

Jicho la Tatu (#17)
Mkufu asetoni inatoa mafuta, gundi, na ule utelezi wa kijani unaotokana na plastiki ya PVC. Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Ila doa la maziwa sio mafuta, asetoni inapita juu yake kama maji. Na tafadhali kila anayesoma hapa: kama sarafu yako ina rangi zilizochapwa, usiisogeze hata karibu na asetoni, rangi inaondoka. Na kapsuli ya plastiki nayo inayeyuka, usichovye ikiwa ndani. Na usifanye karibu na moto.

Dipu ya kusafishia fedha nayo inatoa weusi tu, kwa sababu inakula ile tabaka iliyosawijika na fedha kidogo chini yake, ukirudia rudia uso unafifia. Kwa madoa meupe watu wengi wanarudi wakilalamika haikufanya kitu.

Mkufu (#18)
Hiyo ya rangi ni kweli, nilisahau kuisema, asante kwa kunisahihisha.

TanuriMoto (#19)
Turudi kwenye chanzo, kwa sababu tumeanza kutibu kabla ya kujua ugonjwa. Hoja yangu ni hii: Royal Canadian Mint mwaka 2018 walitangaza wameanza kutumia kitu wanakiita MintShield kwenye sarafu zao za Maple za fedha, kupunguza madoa meupe. Sasa kama chanzo ni kabati la mteja, kiwanda kinahangaika na uso wa sarafu wa nini? Wangeandika tu kwenye boksi tunza pakavu. Wao wenyewe wamekwenda kurekebisha upande wa kiwandani.

Jicho la Tatu (#20)
Hoja nzito, lakini angalia vizuri inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba uso unaweza kutengenezwa ukavumilia zaidi. Haisemi doa linaanzishwa na nini. Nikipaka nyumba rangi isiyopenyeza maji, haina maana mvua imetoka ndani ya ukuta.

TanuriMoto (#21)
Mfano mzuri ila nyumba ya Kibindo ilifungwa kwenye kapsuli tangu kiwandani, mvua imeingilia wapi?

Jicho la Tatu (#22)
Kapsuli sio chupa ya sindano. Inabanwa tu, hewa inapita. Na kabla ya kufungwa kuna mtu au mashine imeishika, kuna meza, kuna watu wanaongea. Tone la mate lisiloonekana likidondoka pale lina chumvi. Chumvi na fedha vikikutana unapata kloridi ya fedha, na kloridi ya fedha ni nyeupe.

TanuriMoto (#23)
Na ikipigwa na mwanga inageuka, ndo maana ilitumika kwenye upigaji picha wa zamani. Kibindo anasema anazitoa kwenye taa mara kwa mara. Lingekuwa kloridi lingeshakuwa na uzambarau au kijivu. Bado nyeupe pee.

Mchapo (#24)
Hawa wawili tuwafungie kwenye kapsuli moja tuone nani ataota doa kwanza 😄

Kibindo (#25)
Wakuu nimerudi, nimesoma yote na nashukuru kweli. Mhunzi ile habari yako imenigusa, nilikuwa nimeshaandaa kitambaa, nimekirudisha.

Mchapo, cheti kinasema fedha 999, yaani fedha tupu. Kupima nilikwama kwa sababu sitaki kufungua kapsuli, nikakumbuka nina kapsuli tupu ya aina ileile na mpira wake, nikapima tupu, nikapima yenye sarafu, nikatoa. Imekuja 31.2. Kwa hiyo ni wakia yenyewe. Sumaku haishiki.

Kitu kingine. Nimetafuta picha nilizopiga siku niliyoipokea. Kwenye moja nimekuza pale pembeni ya helmeti, kuna kitu. Kijivu, kidogo sana, robo ya lilivyo leo. Inaweza kuwa doa lilikuwa limeshaanza, inaweza kuwa mwanga wa taa umejirudi, maana kwenye picha ya pili niliyopiga upande mwingine halipo.

TanuriMoto (#26)
Nilisema.

Jicho la Tatu (#27)
Amesema picha ya pili halipo.

Mchapo (#28)
Kwa sumaku ongeza hili: shaba iliyopakwa fedha nayo haishiki sumaku, kwa hiyo sumaku peke yake isingekutosha. Uzito ndo umekuokoa, kipande cha shaba chenye ukubwa uleule kingekuwa chepesi. Vizuri sana ile akili ya kapsuli tupu, nimeiiba.

Kasri (#29)
Ushauri wangu wa mwisho ipeleke kugrediwa NGC au PCGS, zile kampuni za kupima hali ya sarafu, ikifungwa kwenye lile boksi gumu la plastiki doa linasimama na thamani inapanda.

Mwanafani (#30)
Kasri leo sijui umeamkia upande gani, nakukatalia kwa upendo. Wao wanapima hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 mpaka 70, hawatibu. Yenye madoa yanayoonekana haipati 70. Na kama chanzo kipo kwenye uso wa fedha yenyewe, boksi gumu halizuii, zipo sarafu zimegrediwa zikiwa safi zikaota madoa humo humo. Kabla ya kutuma soma masharti ya dhamana yao, uone yanasema nini kuhusu mabadiliko yanayotokea baadaye.

Kasri (#31)
Sawa mwalimu, nimekubali. Ila basi tuulize, yenye doa inashuka thamani kiasi gani? Maana kwangu kama idadi iliyotoka ni ndogo doa halina neno.

Mkufu (#32)
Idadi ndogo haitoshi. Kwanza ile namba kwenye cheti mara nyingi ni kikomo, sio waliyotoa kweli, kuna mifululizo imefungwa kabla ya kufika kikomo na kuna mingine kikomo chake ni kikubwa na bado inatafutwa kama almasi. Pili mhusika. Weka Darth Vader na mhusika aliyetokea dakika mbili, idadi sawa, mwaka sawa, uone nani anaondoka kwanza.

Bi Sarafu (#33)
Mimi naona ni mfululizo kukamilika. Mtu mwenye saba anatafuta ya nane kwa namna ambayo mwenye moja hawezi kuelewa. Mimi nilifukuzia moja miaka minne, nilipoipata nikaiweka kwenye nafasi yake nikakaa nayo mpaka chai ikapoa.

Chenji (#34)
Bi Sarafu umenifanya nitake kuanza. Sasa hizo peni 50 za Harry Potter za Uingereza nimeona mbili zina Malkia na mbili zina Mfalme, huo bado ni mfululizo mmoja?

Mwanafani (#35)
Ni mmoja, sarafu nne, Malkia alifariki Septemba 2022, mbili za kwanza zikatoka na sura yake, zilizofuata zikaja na Mfalme Charles III. Filamu haikupanga hilo wala kiwanda. Mimi nazipenda kwa sababu hiyo hasa, umeweka historia kwenye nafasi nne bila mtu kukusudia.

Mkufu (#36)
Mimi nazihesabu mbili mbili. Vichwa viwili, mifululizo miwili.

Bi Sarafu (#37)
Mkufu, yaani umkate Dumbledore na shule yake kutoka kwa Harry?

Mkufu (#38)
Nyuma zinaungana, mbele zinaachana 😄 nafikiria upya.

Mhunzi Mdogo (#39)
Tusimsahau mwenye uzi. Kibindo unaamuaje? Unaiacha?

Kibindo (#40)
Naiacha kama ilivyo. Nilichofanya ni kuitenga, nimeiweka kisanduku chake, na moja kati ya zile saba nimeihamishia kwenye kapsuli isiyo na mpira, nikiwa na glavu, nimeishika ukingoni tu, niione baada ya mwaka. Kwa ajili ya hoja ya Bi Sarafu. Kwa ajili ya Tanuri nitapiga picha ya doa kila mwezi, taa sehemu ileile, pembe ileile, nione kama linakua. Jicho la Tatu, kwako nitaificha na mwanga miezi sita, ukiacha dakika za hizo picha, alafu niitoe.

Kuibadilisha na safi nimefikiria. Lakini hii ndo ya kwanza kabisa niliyoipata, nyingine zote zimekuja kwa sababu yake.

Jicho la Tatu (#41)
Heshima kwako mkuu. Pima na ukubwa wa doa kwa kuweka rula pembeni ya kapsuli kwenye picha, bila hivyo miezi sita ijayo tutabishana tena kama limekua au ni kamera. Na taa itoke ubavuni, sio juu.

TanuriMoto (#42)
Na madoa yale mawili madogo usiyaache, ndo yatatuambia zaidi kuliko hilo kubwa. Yakikua sawasawa kwa pamoja ni dalili ya mabaki ya dawa.

Jicho la Tatu (#43)
Au dalili kwamba yapo kwenye hewa moja.

Chenji (#44)
Samahani wakuu, baada ya kusoma huu uzi nimemuomba mjomba anionyeshe zake, anazo tano. Nimeinamisha kwenye taa kama Kibindo alivyoeleza. Ya Yoda ina kimoja, cheupe, karibu na sikio. Kapsuli haina mpira.

Bi Sarafu (#45)
Chenji, weka picha.